Kofia Chini ya Helmeti

Nyumbani kwa Tilka, mwanamke hahesabiwi mtu wa mle ndani mpaka afumiwe kofia. Usicheke. Kila nyumba ina kichaa chake, na bonde la Bohinj, kule milimani kwenye theluji, lina nyumba nyingi. Kofia yenyewe wala si ya kutisha: sufu nyeupe, mstari mmoja mwekundu unaopita juu ya nyusi, basi. Zamani ilikuwa na kishada utosini, lakini helmeti zilipoingia vishada vilikatwa, maana Tilka alizikubali helmeti kwa shingo upande na kwa sharti moja tu, kwamba kofia ibaki chini yake. Ya kwake alifumiwa na mama mkwe wake. Yeye akamfumia binti yake Ksenija, na mtoto wa Ksenija alipoanza kusimama kwenye mbao za kutelezea thelujini, naye akapata kofia ndogo. Siku ya Stefano Mtakatifu, siku moja baada ya Krismasi, familia nzima hushuka mlima Vogel kwa kufuatana kama bata, Tilka mbele, na ile mistari myekundu ikichungulia chini ya helmeti. Watu wa bondeni wakiwaona husema, haya, wa kwa Tilka hao.

Nevia hakuwa na kofia. Alikuwa ameolewa na Gašper, mtoto wa kiume wa Tilka, mwaka wa nne huu, na kila siku ya Stefano alipanda nao kwa gari la waya linalopandisha watu mlimani, kisha akabaki kwenye kibanda cha chai kule juu, akilinda mikoba ya watu na kuzungusha kijiko ndani ya kikombe. Alizaliwa Piran, baharini, kwenye mashamba ya chumvi, ambako theluji ikianguka watu hutoka nje kuipiga picha, na ikiyeyuka kabla ya chakula cha mchana hakuna anayeshangaa. Tilka hakumchukia, tusimsingizie. Alimpikia, alimwashia moto, alimwekea taulo safi kitandani. Na hiyo ndiyo shida yenyewe! Miaka minne anamwekea taulo kitandani kama mtu aliyekuja kulala siku mbili, na akimtaja mbele ya majirani humwita "mwana wa watu." Mwana wa watu hajambo. Mwana wa watu kaenda kazini.

Na Nevia naye! Ungemwona ungetamani kumtikisa mabega. Kila aliloambiwa alijibu, "Sawa, mama." Dirisha la chumba chao lifungwe kila jioni? Sawa, mama. Mapazia aliyoleta kutoka kwao yapelekwe darini kwa kuwa rangi yake inaumiza macho? Sawa, mama. Alidhani ukimkubalia mtu kila kitu, mwishowe naye atakukubali. Malalamiko yake yote aliyamalizia kwa mumewe, ambaye huendesha mashine ya kusawazisha theluji mlimani usiku kucha na mchana hulala kama gogo.

"Mama yako hanipendi," alimwambia siku moja, akimvuta blanketi.

"Anakupenda."

"Mbona hajanifumia kofia?"

"Kwani wewe unateleza?" Gašper akasema, akageukia ukutani.

Lile jibu lilimchoma. Akakaa ukingoni mwa kitanda akilitafuna, na akaona kwamba, pamoja na kuchoma kwake, lina ukweli. Kesho yake asubuhi, mume akiwa usingizini na mkwe akiwa kwa ng'ombe, alikwenda kwenye mteremko wa watoto, akamtafuta mtu wa kumfundisha. Akampata Živa, msichana aliyekuwa mshindani wa mbio za theluji mpaka magoti yote mawili yalipomsaliti. Sasa anauza vifaa dukani kule mjini Bistrica, na asubuhi chache kwa wiki anafundisha wanaoanza.

Majira mawili ya baridi Nevia alijifunza kwa siri. Alianguka kwa kila namna inayojulikana, na nyingine akazibuni mwenyewe. Watoto wa chekechea walimpita kushoto na kulia wakipiga kelele, "Shangazi, toka njiani!" Alikunja uso, akainuka, akapanguza matako, akaendelea. Februari ya majira ya pili, mteremko ukiwa barafu tupu, alivutwa miguu yote miwili mbele, akaenda chali, na kichwa kikagonga chini kwa kishindo kilichowanyamazisha hata wale watoto. Akalala pale akitazama mawingu. Živa akaja mbio, akapiga magoti kando yake, akaishika helmeti aliyomwazima akajaribu kuisogeza huku na huku.

"Umeona? Haijahama hata kidogo," Živa akamwambia. "Ingekuwa imelegea, ingezunguka, na sasa hivi ningekuwa naita watu wa machela. Amka, shangazi. Unaziba njia."

Nevia aliamka akicheka, kichwa kikimvuma. Lakini kile kishindo hakukisahau.

Basi majira ya pili yakaisha, majani yakaanguka, na Jumapili moja, supu ikiwa mezani na Ksenija amekuja na mtoto wake, Nevia akaweka kijiko chini.

"Siku ya Stefano nitashuka na nyie," akasema.

Ksenija akasimamisha kijiko hewani. Gašper akapaliwa na tambi.

"Kushuka wapi?" Tilka akauliza. "Kwa gari la waya?"

"Kwa miguu yangu, mama. Nimejifunza kuteleza."

"Umejifunza wapi? Kwenye mashamba ya chumvi ya kwenu?"

Ksenija akacheka, kisha akaona haya, akamfuta mtoto mdomo ambao haukuwa na kitu.

"Hapo kwenye mteremko wa watoto," Nevia akasema. "Majira mawili sasa."

Tilka akamtazama kama mtu anayemtazama kuku aliyewika. "Na hukusema."

"Niliogopa mtanicheka."

"Tungekucheka," Tilka akakubali, hana hata wasiwasi. Akamega mkate, akautafuna polepole, meza nzima ikimsubiri. "Helmeti unayo?"

"Huwa naazima."

"Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Jumamosi tunakwenda Bistrica. Mke wa mwanangu helmeti yake naichagua mimi."

Chini ya meza Gašper akamgonga mkewe mguu kwa furaha, mpaka akamuumiza. Wiki ile Tilka alikuwa akimaliza kula anakwenda chumbani kwake na kujifungia, na Nevia akipita mlangoni husikia kitu kikigongana taratibu, ti-ti-ti. Hakuthubutu kujiuliza ni nini. Moyo ukianza kutumaini aliupa kazi: alifua, alipasi, aliosha madirisha ambayo yalikuwa safi.

Jumamosi Tilka alivaa koti lake la kanisani. Mkononi alishika mfuko wa nguo ulioviringwa, na Nevia alipotaka kumpokea, akauhamishia mkono wa pili.

Dukani Živa alikuwa juu ya ngazi akipanga glavu. "Karibuni! Nevia, kiuno kimepona?"

"Kumbe mnajuana," Tilka akasema.

"Ndiye mwalimu wangu, mama."

Tilka akamkagua Živa toka unywele hadi kiatu. "Wewe si mtoto wa Lovro, wa kiwanda cha mbao? Aliyevunjika magoti?"

"Ndiye mimi, mama Tilka. Yote mawili."

"Na unafundisha watu."

"Nafundisha namna ya kutokuvunjika."

Tilka akaguna, na kwa Tilka mguno ni nusu ya kicheko. "Haya, tupe helmeti. Ya mwanamke."

"Za wanawake ni ukuta huu wote."

"Kichwa cha mwanamke kina tofauti gani na cha mwanamume, zaidi ya akili?"

"Fuvu ni fuvu, mama," Živa akasema, akishuka ngazi kwa kupumzisha goti kila kidato. "Ila hizi ni nyepesi kidogo, masikioni zina bitana nene zaidi, na hapa kisogoni pameachwa nafasi mkia wa nywele upite. Na rangi. Wanaume wote wanataka nyeusi, sijui wanakwenda kuzika nani."

Tilka akaanza kazi. Alipita ukuta mzima akizigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayenunua boga, na kila moja ikapata lake. Ya waridi ilikuwa ya muuza peremende. Yenye manyoya masikioni ilikuwa imevaa ngozi ya paka. Yenye kioo kikubwa mbele, alisema, mpeni fundi wa kuchomelea vyuma. Nevia alikuwa nyuma yake akicheka, na alikuwa anacheka kwa dhati. Hakukumbuka lini alitoka na huyu mama wakacheka pamoja. Jicho lake lilikuwa limetua kwenye moja ya kijani, kijani kilichofifia kama jani la mzeituni, lakini hakusema. Živa akaliona lile jicho, akaishusha.

Kwanza akamzungushia kichwa utepe wa kupimia, juu tu ya nyusi. "Ndogo inakutosha," akasema. Akamvalisha ile ya kijani, akafunga mkanda kidevuni, akakaza kigurudumu cha kisogoni. "Kutoka nyusi hadi helmeti, vidole viwili, visizidi. Inakubana mahali?"

"Hapana."

"Tikisa kichwa kama umekataa posa. Vizuri. Sasa mama Tilka, tazama hapa kwenye paji. Nikiisukuma helmeti, ngozi inakwenda nayo. Ikiwa hivi, ujue imemkubali."

Nevia akajitazama kwenye kioo. Akajiona mtu wa mlimani kabisa. Akafurahi kama mtoto.

"Ngoja kwanza," Tilka akasema. "Ivue."

Akauweka ule mfuko juu ya meza, akaufungua polepole, akatoa kofia. Nyeupe. Mstari mwekundu. Sufu mpya ambayo bado ilikuwa na harufu ya kondoo.

"Nimeifuma pana kidogo," Tilka akasema, akiinyoosha nyoosha bila kumtazama mtu. "Nywele zako nyingi."

Nevia akaipokea kwa mikono miwili, akaiweka usoni, akalia. Alilia palepale kati ya glavu na soksi, wala hakuona haya. Alikuwa amejiandaa kuipata Krismasi, au mwaka ujao, au asiipate kabisa na ajifanye hajali.

"Usiililie hivyo," Tilka akasema, na sauti yake mwenyewe ilikuwa na makamasi. "Sufu ikilowa inasinyaa. Ivae, tujaribu helmeti juu yake."

Nevia akaivaa. Ilimkaa vizuri, ikamfunika masikio. Tilka akachukua helmeti ya kijani akaisukumiza juu. Ikagoma. Akasukuma tena, mpaka Nevia akainama.

"Lete kubwa yake," Tilka akamwambia Živa.

Živa akajikuna shingo. Alikuwa binti mwenye adabu, na yule alikuwa mama Tilka. "Mama, kofia haivaliwi chini ya helmeti."

"Nani kasema?"

"Wote wanasema. Hata waliozitengeneza."

"Waliozitengeneza walizaliwa kwenye theluji?"

"Sijui walizaliwa wapi, mama. Lakini helmeti inatakiwa ikishike kichwa. Ukiweka sufu katikati, inashika sufu."

"Mtoto, mimi nimeanza kushuka Vogel baba yako hajaota meno."

"Najua. Baba anasema wewe ndiye uliyemfundisha."

"Na sikumvunja goti hata moja," Tilka akasema. "Lete kubwa."

Živa akaleta kubwa. Ikaingia juu ya kofia bila shida, akaifunga, akaikaza mpaka kigurudumu kikakataa kuzunguka. Kisha akaweka kiganja kwenye ukingo wa helmeti, juu ya paji la Nevia, akasukuma kidogo tu, kama anayefungua mlango wa chumba cha mtoto aliyelala. Helmeti ikarudi kisogoni, paji lote likabaki nje. Akaivuta mbele, ikamfunika Nevia macho.

"Kaza mkanda," Tilka akasema.

"Umekazwa, mama."

"Ksenija anavaa hivyo, mjukuu wangu anavaa hivyo, mimi navaa hivyo, na vichwa vyetu hivi hapa."

"Vipo kwa kuwa hamjaanguka."

"Sisi hatuanguki!"

"Mama Tilka, kila mtu anaanguka," Živa akasema, na hakuna aliyeweza kumbishia msichana mwenye magoti yale. Akainua mikono. "Basi mimi nanyamaza. Kichwa ni cha Nevia. Aseme yeye anataka ipi."

Wote wawili wakamgeukia. Nevia alikuwa amesimama na helmeti machoni, haoni ila giza la bitana na mstari wa mwanga kwa chini, ambamo aliona viatu vya mama mkwe wake, vya kanisani, vimepigwa rangi. Miaka minne alikuwa akiingoja hii kofia, na sasa iko kichwani mwake, ina joto, inawasha kidogo masikio. Alitakiwa kusema neno moja tu, tena neno analolijua kuliko jina lake. Ulimi ulikuwa umeshalishika. Ndipo kile kishindo cha Februari kikamrudia, na baada yake akamwona mtoto wa Ksenija akiteremka mbio na kofia yake ndogo chini ya helmeti inayocheza. Akavua helmeti. Akavua na kofia, akaikumbatia kifuani.

"Hapana, mama."

"Umesemaje?"

"Hapana. Siivai chini ya helmeti." Alishaanza, na aliyeyavulia maji nguo huyaoga. "Nilianguka mwaka huu, kichwa kikagonga barafu. Mimi naijua ile sauti, wewe huijui. Ingekuwa helmeti inacheza hivi nisingekuwa hapa kubishana nawe. Sitaivaa hivyo. Na wewe usivae hivyo. Na yule mtoto ndiyo kabisa! Tunamvalisha vitu viwili, kimoja cha mapenzi, na kile cha pili kimebaki pambo tu."

Mteja mmoja aliyekuwa akijaribu buti akaamua kuendelea kufunga gidamu moja ileile.

Tilka akanyoosha mkono, akaichukua kofia kifuani mwa Nevia. Akaikunja mara mbili, akairudisha kwenye ule mfuko, akafunga koti lake kifungo kwa kifungo, akatoka. Kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

"Pole, dada," Živa akasema.

"Usinipe pole, utaniliza tena. Nipe ile ya kijani."

Aliilipia huku machozi yakimtiririka, akaibeba kwapani kwenda kwenye gari. Tilka alikuwa ameshakaa, mfuko mapajani, macho mbele. Nevia akawasha gari. Walipita Bistrica nzima, wakapita mashamba, wakapita kanisa, na Nevia alikuwa akijisemea moyoni, umeiharibu, umekwisha, utazungusha kijiko kwenye kibanda cha chai mpaka uzeeke. Walipofika mahali ziwa linapoanza kuonekana, Tilka akafungua mdomo.

"Umeniaibisha mbele ya mtoto wa Lovro."

Siku nyingine yoyote Nevia angeomba radhi. Lakini aliyekwishapoteza hana cha kuogopa. "Wewe ndiye uliyeniaibisha. Umeninyang'anya kofia kama mwizi."

"Nilikupa ukaikataa!"

"Sikuikataa! Nimekataa kuivaa chini ya helmeti, hilo tu. Kofia naitaka kuliko kitu chochote katika nyumba ile, ukimtoa mwanao, na siku nyingine hata yeye simtoi! Majira mawili nimeanguka kwa ajili yake. Watoto wadogo wananiita shangazi toka njiani. Unadhani napenda baridi? Baridi siipendi! Nilifanya ili unifumie."

Tilka akamgeukia. "Kwa ajili ya kofia?"

"Kwa ajili ya kofia, mama. Ili nisiwe mwana wa watu. Nina jina, naitwa Nevia. Na kahawa yako siipendi, unaichemsha mpaka inakufa."

"Kahawa yangu?" Hapo ndipo Tilka aliumia kweli. "Kahawa yangu ina nini? Miaka minne unainywa!"

"Naimwagia lile ua la jikoni."

"Ndiyo maana limekauka! Na mimi nimelibadilishia udongo mara ngapi! Sasa mwanamke, mbona hukusema?"

"Ningesemaje? Mgeni anasemaje kahawa mbaya?"

"Nani kakwambia wewe ni mgeni?"

"Wewe! Kila siku! Kwa taulo!"

"Kwa kuwa ulikaa kigeni!" Tilka sasa alikuwa anapiga mfuko kwa kiganja. "Unatembea mle ndani kama uko hospitali. Sawa mama, asante mama. Mtu anayekubali kila kitu huyo ameshafunga sanduku, anangoja basi tu. Nilikuwa najisemea, huyu ipo siku atanishukuru kwa adabu, ataondoka kurudi kwao baharini, na mwanangu atamfuata kama mkia, nami nitabaki na ng'ombe. Nimfumie kofia ya kwenda kuvaliwa ufukweni? Nilikuogopa, ndiyo. Haya, nimesema. Nilikuogopa."

Nevia alikuwa anakata kona kuingia uani kwao, akakanyaga breki kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na gari likazimika katikati ya ua. Hakuwahi kuwaza kwamba huyu mama anaweza kuogopa kitu, sembuse kumwogopa yeye. Akamwonea huruma, akampenda, na bado hasira haikuwa imekwisha, vyote kwa pamoja.

"Siendi popote," akasema.

"Basi usinipigie kelele."

"Nitakupigia!"

"Piga! Kwani nimekukataza?"

Walishuka, kila mmoja akabamiza mlango wake. Kuku wakatawanyika. Tilka akazunguka gari, akatoa kofia mfukoni, akamvuta Nevia kwa kola, akamvalisha mpaka chini ya masikio, kwa nguvu, kama unavyomvalisha mtoto anayechelewa shule.

"Hii utaivaa kwenye gari la waya, na kibandani, na kanisani, na dukani ili mtoto wa Lovro aone. Ukianza kushuka, vaa hilo gamba lako la kobe."

"Na wewe utavaa nini?"

"Mimi? Mimi ninayo yangu."

"Yako inacheza. Jumamosi ijayo tunarudi Bistrica, wewe na mimi na Ksenija na mtoto. Živa atawapima wote."

"Nipimwe kichwa katika umri huu?"

"Jumamosi ijayo, mama."

"Sitaki ya waridi!"

"Utavaa itakayokukaa! Hata ikiwa ya waridi!"

"Thubutu!"

Dirisha la juu likafunguka, likafungwa, na mara Gašper akatokea mlangoni na kandambili, nywele zimesimama, macho hayajafunguka sawasawa. Alikuwa amesikia sauti ya mama yake ikipanda, jambo la kawaida, na sauti ya mkewe ikipanda juu yake, jambo ambalo hakupata kulisikia tangu amwoe. Alikuwa amepauka kwa hofu.

"Jamani, kuna nini? Mama? Nevia? Majirani wote wanasikia!"

"Rudi ukalale," Tilka akamwambia, wala hakumgeukia, mkono bado umeshika kola ya Nevia. "Huoni wenye nyumba tunagombana?"

Gašper akamtazama mkewe, kofia imemfika nyusini, mashavu yamelowa, anacheka. Akaburura kandambili zake, akarudi kulala.